Herufi za Ng'ambo kwenye Shaba ya Kwetu

Mwaka wangu wa kwanza kazini niliandika katika ripoti rasmi kwamba biashara ya mafuta ya petroli Lubumbashi ilikuwa imepiga hatua katika kutumia bidhaa za nchini, na sikusema uongo. Bidhaa zenyewe zilikuwa bukari, samaki wakavu, mifagio na makaa. Bukari, ule ugali wetu wa mahindi, ndio uliobeba ripoti. Wafanyakazi wa depo waliula kila adhuhuri, mahindi yalilimwa upande wa Kasomeno, na mpishi alizaliwa hapahapa. Nikafumba macho kidogo nikauhesabu kuwa ni mchango wa taifa katika sekta ya mafuta.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya uchumi na tabia ya kuuliza maswali. Kampuni iliajiri shahada tu. Ile tabia iliikuta ndani ya mzigo.

Amri ilikuwa imetoka Kinshasa. Kila kampuni inayogusa mafuta, iwe ya kuyachimba kule pwani ya magharibi au ya kuyauza huku kwetu, inunue kwanza vitu vilivyotengenezwa nchini, ili viwanda vizaliwe. Hoja hiyo niliipenda, na sikuwa mwepesi wa kupenda hoja za serikali. Mafuta yataisha siku moja, lakini fundi aliyejifunza kutengeneza bomba kwa ajili ya mafuta atabaki na ujuzi wake, na kesho atatengeneza bomba la maji. Swali langu lilikuwa dogo. Fundi huyo atajifunzia wapi, ikiwa kila bomba linashuka kwenye treni likiwa limekwisha kutengenezwa?

Mkurugenzi wetu, mtu mpole mwenye abakosti ya rangi ya majivu, lile koti la siku zile lisilovaliwa na tai, hakuyapenda maswali kabla ya kahawa.

"Sitwaye," akaniambia, kwa kuwa siku zile "musye", yaani bwana, lilikuwa limepigwa marufuku pamoja na tai ya shingoni, na wote tulikuwa masitwaye, raia tu, "hii ripoti iko muzuri. Lakini mujumbe ya Kinshasa atakuya mwisho ya kiangazi. Atakula bukari yetu, atashiba, halafu atauliza: kiwanda iko wapi?"

"Tutamuonyesha nini?"

"Ile njo kazi yako. Miaka yote ile ulisoma juu ya nini?"

"Nilisoma kwamba kiwanda hakiokotwi njiani."

"Basi okota kama muntu ya diplome."

Dirisha la ofisi yangu lilitazama reli. Kila siku niliona mabehewa yamepakiwa shaba, mukuba kama tunavyoiita sisi, ikielekea kusini na baharini. Kwenye depo yetu, hatua chache kutoka relini, kila mpira wa kujazia malori ulikuwa na kiungo chake mwishoni, kichwa kizito cha shaba iliyochanganywa na bati, chenye masikio mawili ya kukazia. Lazima kiwe cha shaba, kwa sababu chuma kikigonga chuma hutoa cheche, na cheche haipatani na petroli. Viungo hivyo tulivinunua Ubelgiji. Yaani shaba iliondoka mbele ya dirisha langu, ikavuka bahari, ikapewa masikio mawili na jina la mji wa watu, ikarudi kwetu kwenye sanduku lenye nyasi kavu. Niliuliza mara mbili kwenye mkutano kwa nini iende mbali hivyo kupewa masikio. Mara ya pili katibu aliniomba nisogee karibu na mlango.

Nikaenda Kenya. Nasema Kenya mtaa wa Lubumbashi, wenye soko, magereji na makanisa yanayoimba kwa zamu. Nchi yenye jina hilo sijafika. Huko alikuwepo mtu aliyeyeyusha vyuma nyuma ya nyumba yake, na mji mzima ulikuwa na kitu chake jikoni. Alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Maniema. Alivaa abakosti juu ya kanzu, hata usijue kama anakwenda msikitini au kwenye mkutano wa Chama. Alisubu sufuria, vyungu, vitasa vya milango na kengele za makanisa ya jirani.

"Kengele za kanisa, papa?" nikamuuliza.

"Mi nauzisha sauti. Bakiisha kulipa, kila muntu na Mungu yake."

Nilimweleza ninachotafuta. Nilidhani atafikiri. Alimwita mkewe kwanza.

"Mama, kuya usikie. Huyu mwana ya inivasite, ya chuo kikuu, anasema serikali inatutafuta."

"Serikali ilishatupata," mkewe akajibu kutoka barazani. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua kichwa. "Muulize kama huyu iko ile serikali ya moshi ao ingine."

Hapo nikaujua mkasa wao. Kamishna wa zona, yaani wilaya ya mjini, alikuwa amewapa amri ya kuvunja tanuru kabla ya mvua ya kwanza, kwa sababu moshi wake uliingia katika nyumba za watu na, zaidi ya yote, katika nguo zilizoanikwa za shemeji wa kamishna. Yule mzee alikuwa amejaribu salamu, sufuria ya zawadi, na hata kitasa cha mlango chenye kichwa cha chui. Kamishna alipokea vyote na amri ikabaki palepale. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba atakayeuza kwenye kampuni ya mafuta atapata cheti chenye muhuri wa Kinshasa, macho yake yaliniacha yakaenda moja kwa moja kwenye tanuru, rundo la udongo wa kichuguu lililokuwa na nyufa kama kisigino.

"Nikiwa na ile cheti, kamishna atanihamisha?"

"Sidhani kama atathubutu."

"Usidhani, mwana. Sema."

"Hatathubutu," nikasema. Hilo lilikuwa kosa langu la kiuchumi.

Nilimletea kiungo kimoja cha Ubelgiji kuwa kielelezo. Alikipima mkononi, akakinusa, akakigonga na ufunguo na kusikiliza mlio. Kisha akanionyesha anavyofanya kazi. Alikilaza kielelezo ndani ya kisanduku cha mbao, akashindilia juu yake mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo mpaka ukashika umbo lote, akageuza, akakitoa taratibu, na katika nafasi iliyobaki akamimina shaba. Shaba ilitoka katika mabomba ya zamani, bushi na vipande vya pampu. Niliuliza pampu hizo zilikuwa za nani.

"Mukuba inatoka mu udongo," akasema. "Ao ku inivasite hawafundishe?"

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba shaba ikipoa husinyaa, na kiungo cha kwanza kilitoka kidogo kuliko baba yake. Hakikuingia kwenye mpira. Yeye hakushtuka. Alikipaka kielelezo rangi ya mlango, akaacha ikauke, akapaka tena, mpaka kikanenepa kiasi cha kufidia kile kitakachosinyaa. Dawa hiyo ilileta shida ya pili. Kwenye sikio la kila kiungo cha Ubelgiji kulikuwa na herufi zilizoinuka, jina la mji na jina la kiwanda, na rangi ilizifukia herufi hizo.

Nilifurahi. Nikafikiri historia imetufutia yenyewe. Nilipopita siku iliyofuata nilimkuta amekaa kwenye kigoda, miwani puani, anachonga zile herufi upya juu ya rangi kwa msumari ulionolewa, moja baada ya nyingine, ulimi nje.

"Papa, unafanya nini?"

"Namaliza."

"Lakini hayo ni maandishi ya Ubelgiji. Hiki ni kiungo cha kwetu."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa asubu chungu bila kitako. "Bila maandishi, hii iko tu kipande ya mukuba. Nani atainunua?"

Nilidhani ni ukaidi wake peke yake. Kisha nikaenda sokoni kutazama, na nikaona kitu nilichokuwa nimekipita miaka yote bila kukiuliza, mimi muuliza yote. Mama aliyenunua sufuria hakuitazama ndani. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye kitako kutafuta herufi. Akizigusa alitulia, na bei ilianza kuzungumzwa. Hakuzisoma. Wengi wao wasingeweza, na herufi zenyewe mara nyingi zilikuwa zimesimama kichwa chini. Wasubu wote wa Kenya walisubu kutoka kwa vielelezo, na herufi zilipita kutoka chungu hadi chungu kama pua ya ukoo. Nilirudi nyumbani nikageuza sufuria ya mama yangu. Tulikuwa tumepikia Uholanzi tangu nizaliwe, na ilisubiwa mitaa miwili kutoka kwetu.

Viungo vilikwenda kwenye depo. Mkubwa wa depo alikuwa mtu mkali aliyeamini kwamba kila kitu cha nchini huvuja, pamoja na siri. Kwa sababu hiyo sikumwambia vimetoka wapi. Alivifunga kwenye mipira, akafungua mafuta, akaweka karatasi chini na kungoja tone. Tone halikuja.

"Njo naona," akaniambia, akipitisha kidole gumba kwenye sikio la kiungo. "Babelge wakifanya kitu, banafanya. Shiye, batu ya hapa, bado sana."

Akavitia kwenye sanduku moja na vile vya zamani, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kuvitofautisha.

Mjumbe wa Kinshasa alifika na joto la mwisho wa kiangazi, mtu mrefu mwenye leso ya kufutia jasho na msaidizi wa kumshikia leso ya pili. Mkurugenzi alimlisha, kisha akampeleka kwenye depo, ambako tulikuwa tumetandika kitambaa cha kijani juu ya meza na kupanga viungo kumi hivi kama mayai. Mkurugenzi akasema kwamba Katanga, au Shaba kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati huo, ilikuwa imeanza kuhudumia mafuta kwa mikono yake.

Mjumbe akachukua kiungo kimoja. Akafanya alichofanya mama wa sokoni. Kidole gumba kikapita kwenye sikio, kikasimama. Tofauti ni kwamba yeye alisoma.

"Sitwaye mkurugenzi," akasema kwa Kiswahili chake cha kujifunzia safarini, "huu mji iko mu zona gani?"

Mkurugenzi akanitazama. Nikaeleza kuhusu mchanga, kielelezo na rangi ya mlango. Kadiri nilivyoeleza vizuri ndivyo nilivyosikika muongo. Mkubwa wa depo naye, ambaye hapo tu ndipo alipojua kwamba amekuwa akisifu mtaa wa Kenya, akasema kwa hasira kwamba haiwezekani, yeye anawajua Wabelgiji kwa kugusa.

Ikabidi mzee aitwe. Alikuja na abakosti iliyopigwa pasi juu ya kanzu, akasalimia kila mtu kwa cheo kikubwa kuliko alichonacho.

"Wewe ndiye uliyetengeneza hivi?" mjumbe akauliza.

"Ndiyo, shefu. Ila si yote. Zingine ni za Babelge."

"Zipi?"

Mzee akaviinamia, akavigusa kimoja kimoja, na akaanza kutenga bila kusita. Tulidhani anatambua shaba. Kumbe alikuwa anatazama herufi.

"Hizi zangu. Angalia hii S. Ya kwao inalala kidogo, iko mvivu. Ya kwangu imesimama. Na hapa kwao balisahau kusafisha ndani ya O. Mi nilisafisha."

"Unajivunia jina la mji wa watu?"

"Sijivuni na jina, shefu. Jina sijue kulisoma. Najivuna na kazi."

Mjumbe akafuta jasho na leso ya kwanza, akaomba ya pili. Nilimwona anapima mambo mawili: aibu ya kurudi Kinshasa na viungo vya Ubelgiji vya Kenya, na aibu ya kurudi na bukari. Mwishowe akaamua. Cheti kitatolewa, lakini herufi zibadilishwe, na kila kiungo kiandikwe jina la nchi yetu, kubwa, pande zote mbili.

Mzee alifukia Ubelgiji kwa mkono mmoja zaidi wa rangi, akachonga ZAIRE. Z ilimsumbua, alisema ni herufi isiyojua kama inakwenda ao inarudi. Viungo vilitoka katika kisanduku kilekile, mchanga uleule, shaba ileile. Depo ilivipokea, na kabla ya juma kwisha madereva walikuwa wamevizungushia vipande vya mpira wa baiskeli kuzuia uvujaji ambao haukuwepo. Niliwaomba wafungue kimoja tuone. Dereva mmoja akaniambia hawezi, akifungua kitavuja.

Mkubwa wa depo alikuja ofisini kwangu, akafunga mlango.

"Ule mzee hawezi kutufanyia kidogo za zamani? Za malori ya mbali."

"Ni zilezile, shefu."

"Nayua. Lakini za zamani ni nguvu."

Niliandika ripoti ndefu juu ya jambo hili. Nilidai kwamba sera ya kununua vya nyumbani ingefaulu kama wanunuzi wangekatwa vidole gumba. Mkurugenzi aliifuta sentensi hiyo, nami nakubali ilikuwa kali.

Cheti kilifika mawingu yakiwa tayari yamekaa juu ya mtaa wa Ruashi. Nilikipeleka mwenyewe, na mzee akanishika mkono tukaenda wote kwa kamishna wa zona. Kamishna alikisoma mara mbili, tena kwa heshima. Aliugusa muhuri.

"Hongera, papa," akasema. "Kumbe hauko tena fundi ya nyuma ya nyumba. Uko kiwanda."

"Niko kiwanda, shefu," mzee akasema, na sauti yake ilinenepa.

"Muzuri. Sasa, kiwanda haikubaliwe mu mutaa ya bantu. Sheria iko wazi. Fundi, ningemuvumilia mpaka mvua. Kiwanda, hapana. Utahamia mutaa ya viwanda. Na juu ya hii muhuri, tutakupa pahali leo leo."

Mzee akanitazama. Nikakipokea cheti, nikakikunja.

Pahali tulipopewa palikuwa pazuri kwenye ramani, pana, karibu na reli, na palipakana ukuta kwa ukuta na depo yetu ya petroli. Mkubwa wa depo alipomwona mzee anapima kwa hatua mahali pa kuweka tanuru, alikuja mbio, kofia mkononi.

"Papa, unafanya nini hapa?"

"Najenga kiwanda. Ya kuwatengenezea bile vitu."

"Na moto?"

"Moto itakuwa hapa." Akaonyesha ukuta. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na tangi kubwa kuliko msikiti.

Mkubwa wa depo alikaa chini juu ya tofali. Aliomba, kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake, kwamba moto usiwashwe hapo, si leo, si kesho, si kwa cheti chochote. Mzee akauliza awashe wapi basi. Kenya haruhusiwi kwa sababu ni kiwanda, na kwenye mtaa wa viwanda haruhusiwi kwa sababu ana moto. Niliona kwa mara ya kwanza amechoka. Alikuwa ametaka kitu kimoja tu, kubaki mahali alipo na tanuru lake, na kwa msaada wetu sasa alikuwa na mahali pawili ambapo hakuweza kuliwasha.

Mkewe ndiye aliyelitatua, tukiwa tumekaa barazani kwake, mimi, mzee na mkubwa wa depo. Alituuliza kama wanaume watatu wenye cheti hawajaona kwamba kiwanda kinaweza kuhama bila kubeba kila kitu. Aliyataja mambo kama anagawa chakula. Bango la kiwanda liende mtaa wa viwanda. Tupa, jiriwa, meza na sanduku la viungo viende. Wasukumaji wa toroli wapite mbele ya ofisi ya kamishna mchana kweupe, polepole. Huko mtasugua, mtakaza, mtafunga kwenye masanduku, na mjumbe akija atakuta kiwanda safi kisicho hata na jivu.

"Na tanuru, mama?" nikauliza.

"Tanuru gani? Mi naona kichuguu mu kiwanja yangu."

Msafara ulikuwa mzuri. Kamishna mwenyewe alitoka nje kuutazama ukipita, bango likiwa juu kabisa, akapunga mkono. Tangu siku hiyo viungo vya mafuta vya mkoa wetu vilitengenezwa rasmi kando ya reli, katika karakana iliyofagiliwa mara mbili kwa siku, na niliviandika hivyo katika ripoti.

Mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha, mjumbe wa kamishna alikuja Kenya kuhakikisha. Nilikuwepo, nilikuwa nimefuata sufuria ya mama yangu iliyotoboka. Alisimama langoni, akavuta hewa puani, akatazama juu ya paa la nyumba ambako kitu cheusi na kinene kilikuwa kinapanda kuelekea nguo za jirani.

"Mama," akasema, "balituambia kiwanda ilishahama."

"Ilihama, sitwaye. Kamishna yenyewe alipunga mukono."

"Na hii moshi?"

Mama alitazama juu, akaukagua moshi kwa makini kama mtu aliyeuona kwa mara ya kwanza.

"Hii yenyewe bado," akasema. "Itafuata."

Yule mjumbe alifikiri. Kisha akaingia ndani, akavua kofia, na akauliza kama mzee anaweza kumsubia kitasa cha mlango.